Kiuno kinauma safari ndefu? Angalia sponji ya siti kabla hujanunua mto

Mkuu uliyeuliza kuhusu kiuno kukaza ukiendesha Toyota IST Dar mpaka Dodoma, na kama ununue ile mito ya kiuno wanayouza machinga kwenye foleni, hela yako ishike kwanza. Fungua mlango wa dereva ubonyeze siti kwa kiganja, kulia halafu kushoto. Kwa gari zetu hizi za usukani wa kulia ule ukingo wa upande wa mlango ndio unaokufa mapema maana kila unapopanda na kushuka unauburuzia uzito wote. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa 2002 hadi 2007 kwa hiyo hata body iwe safi vipi, sponji ina karibu miaka 20 au zaidi. Ukikalia siti iliyobonyea upande mmoja nyonga inalala, uti wa mgongo unapinda kufidia, na misuli ya kiuno inafanya kazi njia nzima bila wewe kujua.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikampelekea fundi wa viti vya magari, akavua kava tukakuta sponji imeliwa na zile waya za chini mpaka imebaki unga unga, spring moja imechomoka kwenye ndoano yake. Akairudisha, akaweka kitambaa kigumu juu ya waya, akakata sponji ngumu akagundisha. Mwambie fundi aweke ngumu, zile laini za sofa zinakudanganya dukani tu, ukifika Chalinze umeshazama. Na kama ubavuni mwa siti kuna lebo ya SRS AIRBAG (ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) usimruhusu aguse waya za pale wala usivalishe kava linaloziba huo upande.

Siti ikishakaa sawa ndio uipange, na hapa watu wengi wanakosea sana yaani. Sukuma makalio mpaka nyuma kabisa kwenye kona ya siti, kanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Mgongo wa siti ulaze kidogo tu, ukinyoosha mkono kifundo cha mkono kikae juu ya usukani huku mabega yameegemea. Wale wanaolala kama wako kitandani shingo inatoka mbele kutafuta barabara, wakifika wanalalamika shingo na kiuno vyote. Na waleti toa mfuko wa nyuma mkuu, hiyo peke yake inatosha kuinua nyonga upande mmoja.

Sasa huo mto. Kuna kibonde mgongoni pale juu kidogo ya mkanda wa suruali, ndipo pa kujaza, na kinataka kitu chembamba. Mimi natumia taulo dogo la uso, nalikunja nalifunga na raba, nikihisi limeanza kunisukuma mbele napunguza mkunjo. Mito mingi ya barabarani ni minene, inakutoa kwenye mgongo wa siti, mabega yanaelea na pedeli inakuwa karibu mno. Yale matandiko ya shanga za mbao yanasaidia jasho, kiuno hapana.

Angalia na shokapu, maana zikifa kila tuta linaishia kiunoni.

Njiani simama, Morogoro shuka utembee, Gairo tena, usisubiri maumivu. Ukifika usikimbilie kushusha gunia la mchele kwenye buti, mgongo uliokaa masaa mengi haujawa tayari kuinua mzigo, zunguka zunguka kwanza salimia watu.

Ila kama maumivu yanashuka mguuni na ganzi, au mguu unakosa nguvu, achana na mambo ya siti nenda hospitali. Ukianza kushindwa kuzuia haja au sehemu za siri zikafa ganzi nenda siku hiyo hiyo usisubiri kesho.

Bonyeza hiyo siti leo halafu uniambie umekuta nini, ukiweka na picha ya ule ukingo wa mlangoni itasaidia zaidi.