Nilinunua skrini na rimu, injini ikabaki ile ndogo

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia ujumbe nikausoma mara tatu. Amedunduliza kwa miaka minne. Sasa ana magari mawili madogo mbele yake, aina moja, mwaka mmoja, bei karibu sawa. La kwanza ni toleo la juu: skrini kubwa, kamera ya nyuma, rimu za spoti za inchi 16, siti za ngozi, linawashwa kwa kitufe. Injini yake ni cc 1000. La pili ni toleo la kati: siti za kitambaa, redio ndogo, magurudumu ya chuma yenye vifuniko vya plastiki. Injini yake ni cc 1300. "Kaka," ameandika, "moyo wangu uko kwa la kwanza. Niambie tu kama nakosea."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo niliwahi kulijibu mwenyewe, kwa fedha yangu ya jasho, na nililijibu vibaya.

Lilikuwa gari langu la kwanza. Wewe unayesoma hapa unajua maana ya gari la kwanza. Unalala na kuamka nalo miezi mingi kabla hujaligusa, unahifadhi picha zake kwenye simu, unajua idadi ya vitufe vya usukani wake. Muuzaji aliniona tangu nilipoingia. Hakufungua boneti. Alinikalisha kwenye siti ya dereva, akawasha skrini, akanionyesha taa za ndani zinavyobadilika rangi, akaniambia toleo hili halikai sokoni, likija linaondoka. Nilipouliza kuhusu injini alisema, "Hii haili mafuta kabisa," tukaishia hapo. Nililiendesha dakika kumi, barabara tambarare, mimi na yeye tu. Nikasaini.

Miezi minne ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha. Mjini lilikwenda vizuri, kwenye foleni hakuna gari linalohitaji nguvu. Watu walilisifia, nami nilipokea sifa kana kwamba nimeliunda kwa mikono yangu.

Kisha ikaja safari ya harusi. Tulikuwa watu wazima watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, shemeji yangu na binamu yetu mmoja, na buti limejaa mizigo hadi likafungwa kwa kusukumwa na goti. Njia ile ina mlima mrefu wenye kona. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi kwa sababu ya joto. Mbele yetu lori lilikuwa likipanda taratibu sana, na nyuma yangu foleni ikaanza kujipanga. Nikaona kipande kirefu kilichonyooka, hakuna kitu mbele. Nikawasha indiketa, nikatoka, nikakanyaga pedali mpaka chini.

Injini ilipiga kelele. Gari halikwenda.

Sijui niseme vipi ili anayesoma aisikie hali ile. Sindano ya mizunguko ya injini imepanda juu kabisa, sauti inatisha, na mwendo unaongezeka kidogo kidogo kama mtu anayehesabu sarafu. Nilikuwa nimefika katikati ya ubavu wa lori pale basi lilipotokea kwenye kona ya juu, linashuka, linaniwashia taa. Sikuwa na nguvu ya kumaliza. Nilibana breki, nikarudi nyuma ya lori, na aliyekuwa nyuma yangu akaniachia nafasi kwa huruma yake. Basi lilipita. Ndani ya gari hakuna aliyesema neno. Kwenye kioo niliuona mkono wa mama umeshika kichwa cha siti ya mbele, vidole vimebadilika rangi.

Tulipofika alishuka, akajinyoosha nguo, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, gari lako ni zuri sana. Mimi nitarudi kwa basi." Na kweli alirudi kwa basi. Shemeji akaondoka naye. Miaka imepita, na maneno yale bado yananiuma, hasa kwa kuwa yalisemwa bila hasira.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kusaini. Nilisoma karatasi za gari.

Chukua mfano ambao wengi tunaufahamu, Toyota Vitz ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2010. Silifananishi na gari langu, nalitumia kwa sababu takwimu zake ziko wazi na gari lenyewe ni lile lile moja kwa injini tatu. Ya cc 1000 ina silinda tatu na hutoa nguvu za farasi 69. Ya cc 1300 ina silinda nne na hutoa 95. Ya cc 1500 hutoa 109. Nguvu ya kuzungusha, ile inayoandikwa kwa Nm na ndiyo inayokuvuta mlimani, ni 92, kisha 121, kisha 138. Zitazame vizuri. Kutoka 1000 kwenda 1300 unaongeza farasi 26. Kutoka 1300 kwenda 1500 unaongeza 14 tu. Hatua ya kwanza ndiyo kubwa, na ndiyo ile ile ambayo dada yetu anataka kuiacha kwa ajili ya siti za ngozi.

Sasa tia watu. Gari dogo la namna hiyo lina uzito wa takriban kilo 1,000. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350, weka mizigo ya kilo 50, jumla 400. Umeongeza asilimia 40 ya uzito wa gari, na injini haijui kwamba leo kuna harusi. Kisha panda juu. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ukiwa mita 2,000, farasi wako 69 wamebaki kama 55. Kiyoyozi nacho kinachukua chake. Nguvu za namna hiyo ndizo nilizokuwa nazo mbele ya basi lile, huku skrini ikinionyesha jina la wimbo.

Na mafuta? Nilichagua injini ndogo ili gari litumie mafuta kidogo, na mjini nikiwa peke yangu lilikula kidogo kweli. Safari ndefu ilikuwa habari nyingine. Injini ndogo iliyobebeshwa mzigo inaishi pedali ikiwa chini, na injini nyingi zikikanyagwa hivyo hujiongezea petroli kuliko kawaida ili zisipate joto kupita kiasi. Kwa njia ile ile, na watu wale wale, gari nililolinunua baadaye lenye injini kubwa zaidi linakula karibu sawa na lile, na linafika likiwa halijapiga kelele.

Rimu nazo zilinifunza. Tairi la 165/70 R14, yaani la rimu ya inchi 14, lina ukuta wa milimita 115 hivi kati ya rimu na barabara. La 195/50 R16 lina kama milimita 97. Sentimita karibu mbili zimeondoka, na sentimita hizo ndizo zinazopokea shimo kabla ya rimu kulipokea. Rimu yangu ya kwanza ilipinda mwezi wa sita, ya pili ikapasuka kabla ya mwaka kwisha. Matairi ya inchi 16 nayo yalikuwa ghali kuliko ya 14 kila nilipoulizia, na gari lilikuwa likitikisika hata barabarani ambako magari ya rimu za chuma yalipita yametulia. Skrini ilianza kuganda mwaka wa pili. Kwa kuwa vidhibiti vya kiyoyozi vilikuwa humo humo ndani yake, skrini ikiganda nami nabaki na joto langu.

Niliuza kwa hasara. Sehemu hiyo naipita.

Gari la pili nililitafuta kwa utaratibu mwingine kabisa, na ninajivunia. Nilikwenda na watu wanne. Muuzaji alishangaa, nikamwambia hawa ndio mzigo. Nikawasha kiyoyozi, nikaomba tupite njia yenye mwinuko, nikasimama katikati ya mwinuko na kuondoka tena. Magari mawili niliyarudisha siku hiyo hiyo. La tatu lilikuwa na redio ya kawaida, rimu za chuma, siti za kitambaa cha kijivu, na injini ya cc 1500 yenye silinda nne. Lilipanda bila kubishana. Nimeliendesha miaka sita sasa. Kamera ya nyuma niliiweka mwenyewe baadaye, redio nikaibadilisha, siti nikazishonea vifuniko vizuri, fundi akaimaliza kazi yote kwa siku moja. Mama hulipanda, na mlimani husinzia.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote, dada yangu. Kuna vitu vya gari ambavyo fundi anaweza kukuwekea mwaka kesho, na kuna vitu ambavyo gari limezaliwa navyo au halikuzaliwa navyo. Skrini, kamera, rimu, ngozi, taa, spika: hivyo vyote vinaongezeka. Injini haiongezeki. Kubadilisha injini ni kubadilisha gari, pamoja na nyaya, giaboksi na karatasi zake. Lipa leo kwa kile usichoweza kukiongeza kesho.

Lakini usinisome nusu. Vitu vya usalama viko upande huo huo wa injini, haviongezwi. Matoleo ya chini kabisa ya magari madogo mara nyingi yamepunguzwa mahali ambapo macho hayafiki: mifuko ya hewa miwili badala ya sita, na hakuna mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ule unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kupotea kwenye kona. Mfumo huo ulifanywa lazima kwa magari mapya Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2014. Hawakuulazimisha kwa ajili ya mapambo. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nilisema nunua toleo la chini. Nimesema uulize. Toleo la kati lenye injini nzuri na mifuko ya hewa yote ndilo ninalolitafuta mimi, na kama toleo la juu ndilo pekee lenye mfumo huo, basi lina sababu ya kweli ya kuwa ghali. Omba orodha ya vifaa kwa namba ya modeli ya gari lenyewe, kwa kuwa nembo ya nyuma hubandikwa na yeyote.

Na wapo ambao cc 1000 inawatosha. Dada yangu wa kuzaliwa anaendesha peke yake, kazini na kurudi, barabara tambarare, hajawahi kubeba watu zaidi ya wawili. Anayo injini ya silinda tatu na hajawahi kuijutia. Ina mtetemo kidogo ikisimama kwenye foleni, ni kawaida ya silinda tatu, amezoea. Yeye alijua maisha yake kabla ya kununua. Mimi niliyanunulia gari maisha niliyoyaona kwenye picha.

Utaulizwa pia kuhusu turbo. Injini ya cc 1000 yenye turbo inaweza kuivuta vizuri gari kuliko ya cc 1500 isiyo nayo, na kwenye mwinuko haipotezi nguvu kirahisi, kwa sababu inajisukumia hewa. Hapo cc peke yake inadanganya, soma Nm, na mizunguko ya injini ambayo Nm hizo zinapatikana. Ila turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inategemea oili ile ile ya injini. Ikiwa mwenye gari wa kwanza alichelewesha oili, utalipa wewe. Uliza kama mkanda wa taimingi, ule unaozifanya sehemu za injini zizunguke kwa pamoja, umo ndani ya oili, maana mikanda ya namna hiyo haina msamaha kwa oili isiyo sahihi. Dizeli ndogo yenye chujio la masizi waachie wanaokwenda safari ndefu, maana chujio linahitaji joto la safari ili lijisafishe, na mwendo wa kwenda dukani na kurudi huliziba.

Ndugu zangu, tunafanya kazi kwa bidii mno kuja kumpa muuzaji fedha ya miaka minne kwa sababu ya taa zinazobadilika rangi. Fungua boneti. Soma namba. Beba watu wako. Usiruhusu mtu akuharakishe kwa kusema kuna mwingine anakuja na fedha jioni, akija, alichukue. Mimi niliharakishwa, na mama yangu akapanda basi.

Dada, umeniambia una watoto watatu na kwamba kila mwezi wa kumi na mbili mnasafiri na bibi yao. Mpigie muuzaji, mwambie Jumamosi unakuja kuyajaribu yote mawili, na uende na watoto, bibi na mabegi yao. Anza na lile la ngozi. Lipandishe mlima kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha jioni uniandikie lilifanya nini.