Kutembea Mwanza hadi Lamadi huku darasa likikufuata kwa simu

Mwalimu mwenzangu, kama unafikiria kufunga safari ya miguu ili wanafunzi wakufuate kwa simu, nakuomba jambo moja kabla hujanunua bando: waachie watoto waulize. Nilitembea kando ya Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Lamadi kwa siku sita, zaidi ya kilomita 100, nikipitia Kisesa na Magu. Siku ya kwanza niliipoteza kwa kuhubiri.

Nilirusha video kumi na moja. Bando la mwalimu aliyebaki darasani likaisha kabla ya saa nne, na zile chache zilizofunguka watoto walizitazama kimya, kengele ikagonga wakatoka. Jioni mwalimu huyo akanipigia: "Mwalimu, unaongea mno." Iliniuma, lakini alisema kweli.

Usiku ule nikamkumbuka Paul Salopek, mwandishi wa Marekani aliyeanza kutembea kutoka Ethiopia mwaka 2013, akifuata njia walizopita binadamu wa kale walipokuwa wakisambaa duniani. Kila maili 100, yaani kama kilomita 160, husimama, akapiga picha ya ardhi na ya anga, kisha akamuuliza mtu aliye karibu maswali yale yale matatu: wewe ni nani, unatoka wapi, unakwenda wapi. Mimi nikaamua kusimama kila kilomita 10. Picha ya chini, picha ya juu, sauti ya dakika moja, namba za GPS za kuonyesha nilipo, basi. Halafu nasubiri maswali.

Darasa likachangamka. Kwenye mwalo mmoja wa Ghuba ya Speke nilituma picha ya mitumbwi ya dagaa iliyovutwa mchangani, taa zimelazwa ndani. Binti wa darasa la tano akauliza: mbona hawavui, na ziwa limetulia? Nikampa simu mzee aliyekuwa akishona wavu. "Mbalamwezi, mjukuu wangu. Dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukiwaka, taa zetu hazina kazi." Watoto wakaanza kuchora mwezi kila usiku kwenye daftari, wakitafuta siku mitumbwi itakaporudi majini. Mimi nimefundisha mwezi miaka mingi kwa kitabu, na sijawahi kuona hilo.

Hesabu nayo ikaja yenyewe. Simu iliandika hatua 14,200 kwa kilomita 10. Wakagawanya, wakapata kama sentimita 70 kwa hatua, wakaenda uwanjani na futi kupima hatua zao.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na hilo lisikutishe. Simu moja ya mwalimu na spika vinatosha. Mtandao ukikatika, rekodi, utume jioni, ila waambie mapema wasije wakadhani umepatwa na jambo. Ukifika kijijini, anza kwa mwenyekiti, na usimpige mtu picha kabla hajakubali. Ziwani usiingize miguu, kichocho kipo. Waeleze watoto sababu.

Ramani ichoreni kwa chaki sakafuni, kubwa, upande wote wa kusini wa ziwa. Yetu ilifutwa siku ya nne wakati wa usafi. Watoto wakaichora upya bila kuuliza simu, na Magu wakaiweka mahali pake.