Uliza Shangazi: Portland bila gari, na mama mwenye goti

Wiki hii nimepata maswali matatu ya mji mmoja, Portland ya Oregon, kule magharibi kabisa mwa Marekani. Nilikaa kule wiki tatu kwa ndugu yangu kwa hiyo nayajibu yote kwa mpigo.

Shangazi shikamoo. Mdogo wangu anasoma Oregon na mwakani mwezi wa sita anahitimu, ametuita mimi na mama. Tutakuwa na siku tano Portland. Kila ninayemuuliza ananiambia Marekani bila gari huendi popote, na mimi leseni sina, mama ana miaka 64 na goti moja linamsumbua. Mama anapenda miti na maua, maghorofa hana habari nayo. Tutaona kitu au ndo tutashinda hotelini tunaangalia tivii? Binti wa Tabata.

Marahaba mwanangu, na mpe hongera mdogo wako. Hao wanaokwambia bila gari huendi popote hawakudanganyi, miji mingi ya kule ndivyo ilivyo, ila kwa Portland wamekosea. Treni ya mjini, wanaiita MAX, inaingia mpaka uwanja wa ndege, ukitoka na begi lako unapanda laini nyekundu na kama dakika 40 hivi uko katikati ya mji, nauli haifiki dola tatu. Nunueni kadi inaitwa Hop, kila ukipanda unaigusisha kwenye kimashine, ikishakata nauli ya siku nzima basi safari zingine za siku hiyo hulipi tena. Mama akiwa ametimiza 65 kabla ya safari atalipa nusu, kama bado sijui mtamwambia mdogo mtu achelewe kuhitimu mwaka mmoja!

Siku ya kwanza nendeni Washington Park. Stesheni yake iko chini ya ardhi mita 79, treni inaingia ndani ya mlima giza tororo halafu mnashuka kwenye kibaridi. Usikimbilie lifti. Tembea kidogo hapo hapo ulipo utaona ukutani wamelaza jiwe refu jembamba la mviringo, ukiliangalia haraka unaweza kusema muwa, ndo lile walilochomoa wakati wanapima mlima kabla ya kuchimba, na pembeni wameandika kila kipande kina umri gani, unatembea na miaka milioni kwa milioni huku watu wanakupita wanawahi lifti. Mi nilichelewa treni mbili pale.

Ukitokeza juu uko kwenye miti. Kuna kibasi cha bure kinazunguka humo ndani, kwa hiyo goti la mama halina shida, kitawashusha bustani ya mawaridi. Hiyo ipo tangu 1917 na ina mashina zaidi ya elfu kumi, kiingilio hakuna, na mwezi wa sita ndo yanachanua kweli kweli, yaani mmepata tarehe nzuri bila kujua. Juu yake kuna bustani ya Kijapani, ile ni ya kulipia na siyo rahisi, lakini kama mama ni mtu wa bustani lipeni tu.

Sasa msitu. Forest Park uko ndani ya mipaka ya jiji, una hekta kama 2,100, kwa wanaoujua Karura wa Nairobi ni kama Karura mbili. Una njia ya miguu inaitwa Wildwood ya kilomita 48, haianzii mbali na hiyo stesheni. Na unajua kwa nini umebaki msitu? Viwanja! Mwaka 1914 na 1915 kuna watu waliota kupapima waviuze, wakachonga barabara ubavuni mwa mlima, gharama ikapanda zaidi ya mara mbili ya walivyopanga, halafu mlima ukaporomoka ukafunga barabara. Waliokuwa wamenunua wakadaiwa pesa ya barabara ambayo hata haipitiki, wengi wakashindwa kulipa, viwanja vikarudi mikononi mwa serikali, na 1948 wakatangaza iwe hifadhi. Barabara yenyewe bado ipo, inaitwa Leif Erikson, magari hayapiti, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Mimi kila nikipita pale nilikuwa nawaza viwanja vyetu vya bei poa, kilomita chache kutoka lami.

Mama asiende Wildwood yote jamani, hata robo asiende, ingieni mita mia tatu mnatafuta gogo mnakaa. Na avae raba zenye meno. Mi nilienda na sandozi mwezi wa tano baada ya mvua, nikateleza nikakaa kwenye tope mzima mzima, bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake akanishika mkono akanipa fimbo yake ya kutembelea nifike nayo chini, gauni langu lile mpaka leo halijatakata.

Maporomoko ya Multnomah pia msiyakose, maji yanashuka mita 189 kwa hatua mbili na katikati kuna kadaraja ka mwaka 1914. Wenye magari wakati wa kiangazi wanatakiwa wakate kibali cha muda wa kuegesha, nyie wa basi hayawahusu, mnapanda MAX mpaka Gateway, pale kuna basi la Columbia Gorge Express linawashusha pale pale, ila tiketi kateni mapema kwenye simu na muangalie basi la kurudi ni saa ngapi. Kuyaona kutoka chini hakuna kupanda popote, mama atakaa kwenye benchi apigwe na vinyunyu vya maji usoni, nyie vijana pandeni mpaka darajani.

Maji ya kunywa msinunue. Pale mjini kando ya njia kuna mabomba ya shaba yenye mabakuli manne, maji yanachuruzika juu. Ya kwanza 20 alitoa tajiri mmoja wa mbao, Simon Benson, mwaka 1912, na kale kadaraja ka kwenye maporomoko kana jina lake huyo huyo. Wanasema alichoka kuona wafanyakazi wake wanakata kiu kwa bia. Maji ni safi kabisa, jazeni chupa.

Asalaam aleikum Shangazi. Mie wa Mombasa, kazi yanipeleka Portland wiki mbili mwezi wa tisa. Nasikia mvua haikatiki kule, na misituni kuna dubu. Pia nataka kujua swala nitaipanga vipi maana nasikia jua lao halieleweki.

Waaleikum salaam mwanangu. Kuhusu mvua umesikia nusu. Ukijumlisha mwaka mzima Portland inapata milimita 900 na kitu, Dar inaizidi, lakini yao haimwagiki ikaisha, inanyunyiza kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tano, siku nzima manyunyu, wenyewe hata mwavuli hawabebi wanavaa jaketi lenye kofia basi. Mwezi wa tisa bado ni kukavu. Shida ya mwezi wako ni moshi. Misitu ikishika moto huko milimani, mji wote unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, 2020 ilikuwa hatari mno, hewa yao ilishika namba moja kwa ubaya katika miji mikubwa duniani kwa siku kadhaa. Na 2017 kijana wa miaka 15 alirusha fataki kwenye bonde la Eagle Creek, karibu hekta elfu 20 zikaungua. Kwa hiyo asubuhi angalia hali ya hewa kwenye simu kabla hujatoka, na barakoa beba.

Dubu mjini hutamwona. Kitu cha kuogopa ni mmea, wanauita poison oak, majani yake matatu matatu yanang'aa. Ni upupu wa kule, ila upupu wetu unakuwasha hapo hapo, huo unangoja hata siku mbili ndo unaanza kujikuna, wakati mafuta yake umeshayapaka shukani na kwenye nguo zote. Ukiugusa nawa kwa sabuni mara moja.

Mwezi wa tisa una sherehe yake. Kuna shule ya msingi inaitwa Chapman, ina bomba la moshi refu la zamani, na jioni ndege wadogo jamii ya teleka, sie wengi tungewaita mbayuwayu tu, wanakuja maelfu wakiwa safarini kwenda kusini, wanazunguka juu ya bomba kama moshi unaorudi nyuma halafu wanaingia ndani wote kulala. Watu wanakuja na mikeka na chakula, watoto wanateleza kilimani kwa maboksi. Akitokea mwewe kumnyakua mmoja uwanja mzima unamzomea, akikosa wanapiga makofi. Zamani shule ilikuwa haiwashi hita mwezi huo ili isiwachome, watoto wakavumilia baridi darasani na masweta.

Swala usihofu, kipindi chako magharibi ni kama saa moja na nusu usiku, kwa kawaida tu. Mwezi wa sita ndo kazi, magharibi saa tatu, isha usiku mnene, na alfajiri hii hapa. Na ukipata mwenzako wa kazi mwenye gari mwambie akupeleke bwawa la Bonneville, kilomita 64 hivi. Kuna chumba chenye vioo chini ya maji, samoni wanapita mbele ya pua yako wakipanda mto kwenda kuzaa, na kuna mtu kazi yake ni kuwahesabu. Wewe wa Mombasa utaanza kuwaza mchuzi, najua.

Shangazi, eti ni kweli Portland kuna bustani ya jiji ndogo kuliko sahani? Tumebishana kijiweni. Wa Morogoro.

Kuliko sahani hapana, kuliko sinia ndiyo. Inaitwa Mill Ends, upana wake sentimita 60, ipo katikati ya barabara ya Naito. Lilikuwa shimo la nguzo ya taa, nguzo haikuja, mwandishi wa gazeti Dick Fagan akapanda maua mwaka 1948 akaanza kuliandikia habari. Rekodi ya dunia waliishika tangu 1971 mpaka 2025 Wajapani walipowapokonya na kibustani chao. Mi niliipita mara mbili naitafuta, ya tatu nikaulizia, kumbe nimesimama pembeni yake.