Kambale Wasiotaga Bwawani

SWALI: Kambale wangu majike wamejaa mayai lakini hawatagi. Nimeshauriwa kuwachoma sindano ya homoni. Je, mlaji atadhurika, na samaki watakua haraka zaidi?
Mfugaji, Morogoro

JIBU: Porini kambale hutaga mvua inapofurisha mito na mabonde, bwawani ishara hiyo hukosekana, na mayai husimama kabla ya hatua ya mwisho ya kukomaa. Sindano huziba pengo hilo kwa homoni za tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ambayo hutolewa kwa kambale mwingine aliyekomaa na kusagwa katika maji ya chumvi. Mwaka 1930 Bernardo Houssay wa Argentina, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, alionyesha kwamba tezi hiyo huharakisha uzazi wa samaki, kisha wataalamu wa Brazili wakaitumia kutagishia.

Maji yakiwa nyuzijoto 25, mayai hukamuliwa yapata muda wa saa 11 tangu jike achomwe sindano. Dume kwa kawaida huchinjwa, kwani mbegu zake hazikamuliki kwa urahisi. Mchague basi kwa uangalifu.

Homoni hizo ni protini, nazo humeng'enywa tumboni mwa mlaji. Ukuaji hauongezwi na sindano hii. Hilo litategemea chakula na maji.