Maswali ya Wachoraji: Rangi inanata, Krismasi inabisha hodi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye oda za Desemba. Tumeanza na ile yenye haraka kuliko zote.

Nachora Tingatinga, zile picha za wanyama zenye doti za rangi, kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa. Nina oda ya picha sita za mteja anayesafiri tarehe 20 Desemba, na anataka kuzikunja aziweke kwenye begi. Mbili nilizimaliza siku tisa zilizopita, lakini mpaka leo ukigusa zinanata. Mwenzangu anasema nizianike juani. Nifanyeje? *Msomaji, Dar es Salaam*

Usizianike juani. Rangi ya mafuta ya kopo haikauki kama nguo. Tapentaini hutoroka kwa saa chache tu. Kinachobaki huwa kigumu kwa kunywa hewa, taratibu, kuanzia juu kwenda chini. Jua kali hufunga ngozi ya juu upesi huku chini kukiwa kubichi, na ngozi hiyo hukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Hapo kazi imeharibika.

Kunata kwa siku tisa kuna sababu chache, na aghalabu huja kwa pamoja. Ya kwanza ni mafuta ya taa. Ni rahisi kuyapata, lakini hukauka polepole na huacha unyevu wa mafuta ndani ya rangi. Tumia tapentaini, isiyozidi sehemu moja kwa kumi za rangi. Usikimbilie thina kali ya rangi za magari, maana itayeyusha tabaka la chini na kukung'olea doti zako. Ya pili ni unene: ukiweka mandhari nzito ili kitambaa kisionekane, kisha doti juu yake siku hiyohiyo, tabaka la chini limefungiwa. Ya tatu ni hali ya hewa. Kopo likiandika saa 16 hadi 24 kati ya koti na koti, yaani tabaka na tabaka, linazungumzia hewa kavu. Vuli ikinyesha, weka saa 48. Na kama kopo lilikuwa la zamani lenye utando juu, dawa ya kukaushia iliyomo huenda imechoka. Utando uondolewe na rangi ichujwe kwa soksi ya kike kuukuu, usiukoroge urudi ndani.

Picha mbili ulizo nazo zitundike wima ndani ya chumba chenye mwanga, madirisha wazi, na feni ikipiga kwa mbali. Gizani rangi ya mafuta hukauka vibaya, na nyeupe hugeuka njano. Ukiona mikunjo, ngoja pakauke kabisa, piga msasa namba 400 wenye maji, rudia pale tu palipoharibika. Wapo wanaonyunyiza poda ya mtoto ili isinate. Poda inazamia kwenye rangi na kung'aa kunakufa. Usifanye.

Sasa hesabu ya picha nne zilizobaki. Rangi ya mafuta iliyopakwa nyembamba inahitaji walau siku 10 kabla ya kuviringishwa, na 14 ni salama zaidi. Ukirudi nyuma kutoka tarehe 20, mguso wa mwisho uwe tarehe 9 au 10. Ukiwa na matabaka matatu ya saa 48, mandhari ya picha ya mwisho ipakwe tarehe 4. Siku hizo zikishapita, mandhari yapakwe kwa rangi ya maji, inayokauka kwa saa chache, na rangi ya mafuta ibaki kwa mnyama na doti tu. Kinyume chake hakiwezekani: rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa itabanduka kwa vipande.

Na mteja asikunje. Picha huviringishwa, uso ukiwa nje, kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, katikati ukiweka karatasi ya kuokea. Gazeti litaacha habari zake juu ya twiga. Nailoni nayo ikipata joto la begi hugandana na rangi. Kabla ya kuviringisha, bonyeza ukucha kwenye kona. Ukiacha alama, mpe mteja picha kwenye fremu yake au umtumie baadaye.

Paroko ameniomba pazia la nyuma ya pango la Noeli, mita 3 kwa 2.4. Sijawahi kuchora kitu kikubwa hivyo. Kitambaa gani, rangi kiasi gani, na nipange vipi siku? *Msomaji, Moshi*

Chukua marekani, kitambaa cha pamba, nzito isiyopaushwa. Ukipata yenye upana wa mita 1.5, nunua mita 6.5, ukate vipande viwili vya mita 3.2 na kuviunganisha kwa urefu. Mshono uangukie kwenye mstari wa vilima ili mchoro uufiche. Zile sentimita 10 za ziada kila upande ni za lazima, kwa kuwa kitambaa kikilowa hujivuta. Kigongomee kwenye fremu ya mbao au ukutani. Usikitandike sakafuni, kitagandia saruji.

Siku ya kwanza ni ya gundi: nusu lita ya gundi nyeupe ya mbao kwa lita mbili za maji, paka kote, acha ikauke mpaka kesho yake. Siku ya pili paka rangi nyeupe ya maji, sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji, mara mbili. Kopo la lita 4 litatosha kwa hapo na kwa kuchanganyia rangi nyingine. Wanaopaka msingi mzito ili pazia liwe imara hushangaa likipasuka siku ya kuviringishwa.

Siku ya tatu hamisha mchoro. Chora kwanza karatasini sentimita 30 kwa 24, uigawe kwa miraba ya sentimita 3. Pazia nalo ligawe kwa miraba ya sentimita 30. Pande zote mbili utapata miraba 80. Mistari mirefu ipige kwa uzi uliopakwa chaki, na umbo lichore kwa mkaa. Penseli itakusumbua chini ya rangi ya maji, hasa penye anga jepesi.

Rangi za kuchanganyia, zile za vichupa, zisizidi sehemu moja kwa kumi ya rangi nyeupe. Ukizidisha, pazia litaachia rangi kila linapoguswa, na padre atasimama karibu yake na mavazi meupe. Anga la usiku lichanganye mara moja, kwenye ndoo moja, walau lita moja na nusu. Likiisha katikati hutalipata tena lile lile. Rangi ya maji ikikauka hukolea kuliko ilivyo mbichi, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha marekani na ukitazame usiku, kanisani, taa zikiwa zimewashwa. Bluu nzuri ya mchana, chini ya balbu za njano, inaonekana nyeusi. Usitumie rangi inayong'aa popote, kwani waumini wataona taa badala ya Maria. Vichwa viwe na urefu wa sentimita 20 au zaidi, ama sivyo walio mabenchi ya nyuma hawataona uso.

Mandhari ichukue siku ya nne na ya tano, watu na wanyama ya sita hadi ya tisa, na siku moja ya kurekebisha.

Kabla ya hayo yote, muulize paroko mambo mawili. Je, mbele ya pazia kutakuwa na sanamu? Kama zipo, usichore Familia Takatifu tena, chora vilima, anga na njia. Kama hazipo, hori liache tupu na Mtoto mchore kwenye kipande cha hadibodi kilichokatwa, chenye ndoano nyuma, ili awekwe usiku wa tarehe 24. Katika Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, hori tupu lina maana yake, na ukimchora Mtoto moja kwa moja paroko atalazimika kulifunika. Mamajusi wachore mbali njiani, kwani sikukuu yao ni Epifania, Januari. Pazia litakaa hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, nayo ya Januari, basi lisiwe karibu na mishumaa, umbali usipungue mita moja.

Mtu wa baraza la parokia akikuuliza ng'ombe na punda umewatoa wapi, ana haki ya kuuliza. Luka anataja hori, wanyama hawataji. Wametoka kwenye Isaya 1:3 na mapokeo, na Fransisko wa Assisi aliwatumia alipotengeneza pango lake Greccio mwaka 1223.

Nimechora Maria na Yosefu kama watu wa kwetu, na nyumba ya udongo. Mchungaji amefurahi, wazee wanasema nimepotosha. Nibadilishe? *Msomaji, Mwanza*

Kwanza tueleze lilipo kosa, maana lipo: mchoro mdogo ulipaswa kuonyeshwa kwa wazee, si kwa mchungaji peke yake, ukasainiwa nyuma na tarehe, ndipo upokee nusu ya malipo na kununua rangi. Ungefanya hivyo, mzozo ungekuwa wa karatasi.

Kuhusu upotoshaji, wapelekee mfano wa Murang'a, Kenya. Kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, Elimo Njau, Mtanzania mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani mwishoni mwa miaka ya 1950 picha kubwa tano za maisha ya Kristo, kuanzia kuzaliwa hadi msalaba, watu wakiwa Waafrika na nchi ikiwa ya vilima vya Wakikuyu. Zipo hadi leo. Wachoraji wa Italia wa karne ya 15 nao walimweka Maria kwenye nyumba za miji yao.

Ila tazama tena kazi yako kwa jicho la fundi. Mara nyingi wazee wakisema "umepotosha" huwa wameona kitu kidogo wasichoweza kukitaja: kitenge chenye maandishi yanayosomeka, sura inayofanana na mtu wa mtaani, Yosefu kijana mno. Waulize sehemu ipi hasa. Kubadilisha kitenge ni kazi ya saa mbili.

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa mabango na picha, Muislamu. Kanisa la jirani wameniomba pazia la Krismasi. Ni watu wema, na pesa naihitaji. Nichukue kazi? *Msomaji, Tanga*

Wa alaykum salaam. Hukumu kaichukue kwa sheikh wako. Sisi tutakusaidia tu kujua unampelekea nini, kwa kuwa masuala ni zaidi ya moja. Kuna kuchora viumbe wenye roho, ambako wanazuoni wametofautiana. Kuna kumchora nabii, na Isa bin Maryam ni nabii, ambako katazo ni zito zaidi. Na kuna kufanya kazi ya ibada ya dini nyingine. Ukiuliza kwa jumla utajibiwa kwa jumla.

Huku nyuma, usipokee hata shilingi ya awali. Ukiona kuna njia, pendekeza kugawana: wewe anga, nyota, vilima, mapambo ya pembeni na maandishi, na mchoraji mwingine watu. Mkataba utaje nani anafanya kipi na atakayemaliza kwanza. Mandhari lazima yatangulie kwa siku mbili. Mtende nao unafaa pale: katika Sura ya Maryam, uchungu wa kuzaa ulimpeleka kwenye shina la mtende. Ukikataa, kataa mapema na uwapelekee jina la fundi mwingine. Kukataa tarehe 15 Desemba ndiko kunakovunja ujirani.

Desemba nzima nanakili twiga na Kilimanjaro kwa watalii, hata Jumapili. Kanisani siendi, picha zangu mwenyewe sizigusi, na Januari nikishika brashi sina wazo. *Msomaji, Arusha*

Usiziache picha zako mpaka Januari. Shiti moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, kipimo walichokizoea Tingatinga wa mwanzo. Kipande kimoja kigawe mara nne, upate vibao vya futi moja. Kila jioni, rangi zinazobaki kwenye vifuniko zimalizie kwenye kibao, nusu saa, kitu chochote ambacho si twiga. Usiviuze na usivionyeshe mpaka viwe kumi.

Jumapili nayo inapangika. Panga wiki ili mandhari zote nzito zipakwe Jumamosi mchana. Zitahitaji saa 48, na mtu wa kuzilinda si lazima. Nenda kanisani, ule pilau na watu wako, na Jumatatu jioni ujaribu kwa ukucha kabla hujafungua kopo la doti.