Ekzosi inapiga kelele? Tafuta kwanza inapovujia

Maswali ya ekzosi yamekuwa mengi, nimechagua haya nayajibu moja moja.

Shikamoo fundi. IST yangu nikiwasha asubuhi inalia tiktiktik huko mbele, ikishapata moto inanyamaza. Nimeambiwa ninunue mtungi mpya wa nyuma, ule wa kupunguza kelele. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu, hela yako iache mfukoni kwanza. Sauti ya hivyo ya mbele inayopotea injini ikichemka mara nyingi ni gasketi ya manifoldi (manifoldi ni bomba la kwanza linalopokea moshi kutoka kwenye injini, gasketi ni kizibo cha hapo zinapokutana) imeungua au manifoldi yenyewe ina ufa, chuma kikipata joto kinatanuka kinaziba kile kiufa ndo maana unasikia kimya, ila kesho asubuhi inarudi palepale. Mtungi wa nyuma hauhusiki kabisa. Kesho kabla hujawasha fungua boneti, mulika na tochi ya simu pale manifoldi inapokutana na injini, ukiona masizi yametambaa kama ukutani juu ya kibatari, umeshapapata. Na usiliache, maana hewa ikiingilia hapo kabla ya oksijeni sensa (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi), sensa inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza petroli, alafu unakuja kulalamika gari inakunywa.

Mimi nasikia mngurumo tu kama trekta, sijui unatokea wapi. Naweza kupatafuta mwenyewe?

Unaweza. Gari iwe ya baridi, iwe nje sio gereji ya kufunga, handbreki juu. Mtu awashe, wewe vaa glovu nene uzibe bomba la nyuma na tambara lililoloa, sekunde chache tu, hewa ikikosa pa kutokea itapiga pshhh pale palipotoboka. Kama husikii vizuri, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio, mapovu yatakuonyesha. Kuingia chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake HAPANA, weka stendi. Mngurumo wa katikati au nyuma mara nyingi ni kutu, na sisi wa mwambao, Dar, Tanga, Unguja, hewa ya chumvi inakula mabomba haraka.

Noah yangu ina kelele kidogo nimezoea, ila siku hizi safari ndefu watoto nyuma wanalalamika kichwa na kichefuchefu. Ni AC?

Mama, naomba hiyo gari isibebe mtu mpaka ikaguliwe, nakuomba sana. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ekzosi ikitoboka chini ya sakafu gesi inapanda ndani kupitia vitundu vya bodi na raba za mlango wa nyuma zilizochoka. Dalili zake ndo hizo hizo, kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi, na mtoto akilala utafikiri ni uchovu wa safari tu. Wapeleke hospitali na umwambie daktari habari ya moshi wa gari, asije akahangaika na malaria peke yake. Kelele ya hivyo sio ya kuzoea.

Fleksibo, kile kipande cha bomba la ekzosi kinachopinda, nimechomelea mara tatu, inakatika tena. Nibadilishe fundi?

Mwambie huyo fundi aangalie injini mauntini, zile raba zinazoshikilia injini. Fleksibo kazi yake ni kumeza mtikisiko wa injini, mauntini zikifa injini inacheza kupita kiasi, inavuta bomba kila ukikanyaga mafuta, hata uweke mpya leo itakatika. Angalia na raba zinazoning'iniza ekzosi, niliwahi kupokea gari moja raba mbili hazipo, bomba limefungwa na waya wa kuezekea, na kipande kilichochomelewa kilikuwa bomba la maji, lile la mabati. Hilo usikubali, lina zinki, fundi akilichoma anavuta moshi mbaya. Alafu kabla ya kuchomelea betri ichomolewe hasi, kutu isagwe na grenda mpaka chuma cheupe, wasichomelee juu ya kutu, na wajue tenki la petroli liko wapi.

Fundi anasema masega ya ekzosi yameziba, ayatoe gari ipumue. Nikubali?

Hapana! Apime kwanza kama kweli yameziba. Masega ndo yanayosafisha moshi, yakitolewa kelele inaongezeka, harufu inakuwa kali na taa ya cheki injini inaweza kuwaka. Na ujue ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei, kuna watu wanakutolea bure kwa sababu wanaenda kuyauza. Yakitoka, simama hapohapo uondoke nayo.

Kuna katundu kadogo chini ya mtungi kanadondosha maji. Nikazibe?

Usikazibe, kametobolewa kiwandani. Petroli ikiungua inatoa na mvuke, ukienda safari fupifupi bomba halipati moto wa kutosha kuukausha, maji yanabaki yanaozesha mtungi kwa ndani. Kama kanatoa maji tu kaache.