Darubini "ya Königsberg": namna ya kuitambua darubini halisi ya wanamaji wa Mjerumani

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: kuna mzee huko Kibiti anauza darubini ya macho mawili iliyoandikwa Carl Zeiss Jena 7x50 (yaani inakuza mara 7, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50), anasema ilitoka kwenye manowari ya Königsberg, na wewe unataka kujua kama ni ya kweli kabla hujatoa hela. Mimi naishi Kiel, mji wa wanamaji huku kaskazini mwa Ujerumani, na darubini za aina hiyo ndizo ninazokusanya. Vumilia, jibu ni refu kidogo.

Hadithi ya mzee yenyewe si ya kuitupa. Königsberg iliizamisha manowari Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake ya sentimita 10.5 ilitolewa ikaburutwa bara, na wanamaji wakaendelea kupigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Mjerumani huku Afrika Mashariki. Mzinga mmoja mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa. Kwa hiyo darubini ya meli ile kubaki mikononi mwa watu wa Rufiji inawezekana kabisa. Hata hiyo 7x50 haina shida, maana Zeiss walianza kuitoa mwaka 1910. Ila ni lazima iwe imetengenezwa kabla meli haijazingirwa, na hapo ndipo darubini nyingi zinapokwama.

Anza na taa. Isogeze chini ya balbu uangalie mwanga unavyorudi kutoka kwenye lenzi kubwa za mbele. Ukirudi mweupe mtupu, lenzi haina utando. Ukirudi na rangi ya samawati au zambarau, lenzi imepakwa utando wa kupunguza mng'ao, na utando huo ulibuniwa na Alexander Smakula pale Zeiss mwaka 1935. Mara nyingi utaona pia herufi T imechongwa kwenye mwili. Yenye T haikuwahi kuiona Rufiji ya 1915, hata mzee aape. Ukikuta neno DDR ndiyo mbali zaidi, kwani Ujerumani Mashariki ilizaliwa mwaka 1949.

Kisha tazama mihuri, kwenye vifuniko vya juu vinavyoshikilia prizimu, yaani vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza mwanga. Jeshi la majini la Kaizari, mfalme wa Ujerumani hadi 1918, lilipiga chapa ya taji na chini yake herufi M. Kriegsmarine, yaani jeshi hilohilo chini ya Hitler kuanzia 1935, lilitumia tai mwenye swastika na M chini yake. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia viwanda vilificha majina yao nyuma ya herufi tatu ndogo: blc ni Zeiss wa Jena, beh ni Leitz wa Wetzlar, bmj ni Hensoldt, cxn ni Emil Busch wa Rathenow, ddx ni Voigtländer. Kwa hiyo darubini yenye blc na wakati huohuo jina kamili la Carl Zeiss inanitia shaka papo hapo. Ukikuta neno Dienstglas (darubini ya kazi ya jeshi) na namba 6x30, hiyo ni ya askari wa nchi kavu, ingawa wauzaji wengi huiita ya manowari ili bei ipande.

Mihuri ya kughushi ipo tele, hasa ya tai. Mtu anachukua darubini ya kiraia, anachonga tai, anaongeza bei. Chukua kioo cha kukuzia uangalie ndani ya mchongo. Wa zamani una uchafu na rangi iliyofifia pamoja na mwili wote. Wa juzi unang'aa chuma kipya, na kingo zake zimekata juu ya mikwaruzo ya zamani badala ya mikwaruzo kupita juu yake. Na ukinunua mtandaoni kutoka huku, usishtuke picha ikiwa na kibandiko juu ya tai. Sheria ya Ujerumani inazuia kuonyesha swastika hadharani, wauzaji waaminifu wanaifunika. Omba picha ya M na ya namba ya darubini yenyewe.

Jambo jingine ni gurudumu la katikati. Darubini za manowari kwa kawaida hazina. Kila jicho hurekebishwa peke yake, kwa sababu gurudumu lile ni mlango wa maji ya chumvi. Na 7x50 ilipendwa na mabaharia kwa sababu ya giza: gawanya 50 kwa 7, unapata duara la mwanga la milimita 7 hivi, karibu sawa na mboni ya kijana ikipanuka usiku.

Sasa hali yake, ambayo kwa hali ya hewa ya pwani yetu naiogopa kuliko hata mihuri. Mulika tochi kutoka upande wa mbele huku ukitazama kupitia lenzi za jicho kwa mbali kidogo. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni koga, na koga ikikaa muda mrefu hula kioo chenyewe. Ukiisafisha alama inabaki. Halafu tazama kitu kilichonyooka mbali, mlingoti au ukingo wa bati. Ukiona viwili, au macho yakiuma baada ya muda mfupi, prizimu zimehama kwa sababu iliwahi kuanguka. Hilo linatengenezeka kwa fundi anayejua, lakini tafadhali usiifungue mwenyewe. Lenzi za mbele zimekaa kwenye pete zisizo na kitovu kimoja, zimezungushwa kiwandani mpaka pande zote mbili zikaona sehemu moja. Ukizigeuza kidogo tu, mpangilio umepotea. Wala usiisugue kwa spiriti wala kupaka rangi upya. Rangi yake ya zamani ni sehemu ya ushahidi.

Ikiwa ina taji na M, na mwanga wa lenzi ni mweupe, umeshika darubini ya wanamaji wa Kaizari, na mimi ningeilipia vizuri hata bila jina la Königsberg. Jina hilo ningeliongezea bei pale tu mzee anapokuwa na barua, picha ya zamani, au jina la ukoo wake kwenye kumbukumbu fulani.

Piga picha nne utuwekee hapa: vifuniko viwili vya juu kwa karibu, lenzi za mbele chini ya balbu, na ndani kwa tochi. Usimwachie mzee malipo ya awali kabla hatujaziona.